Dada, Shoga, Mpenzi: Msamiati wa Kuhakiki Katuni za Kijapani za Mapenzi ya Wanawake kwa Msomaji wa Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tatizo la msamiati linalomkabili mhakiki anayeandika kwa Kiswahili kuhusu yuri, yaani utanzu wa katuni za Kijapani unaosimulia mapenzi baina ya wanawake. Inadhaniwa mara nyingi kwamba Kiswahili kina neno moja tu la kulitajia jambo hili, nalo ni neno la kulaumu. Makala yanaonesha kwamba lugha yetu ina rejesta tatu zinazogusa ukaribu wa wanawake: rejesta ya udugu, rejesta ya hisia na rejesta ya hukumu. Msomaji anayekusudiwa ni wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ambako msamiati wa uhusiano wa wanawake ni mpana kutokana na unyago na ukoo wa upande wa mama. Hoja kuu ni kwamba hadithi za yuri zenyewe husafiri kutoka rejesta moja hadi nyingine, na kwamba mhakiki anayeshikilia rejesta moja tu huipotosha kazi kabla msomaji hajaifikia.

1.0 Utangulizi

Neno manga lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya katuni za Kijapani kufika Afrika Mashariki. Lilitaja Uarabuni, hususani Omani, na mabaki yake yangali katika pilipili manga, katika njiwa manga, na katika jina la Wamanga walioitwa hivyo kwa kuwa walitoka huko kuja kufanya biashara. Mwanafunzi wa leo anapolikuta neno hilo katika simu yake, hukutana na neno jingine lenye umbo lilelile: manga ya Kijapani, yaani hadithi ndefu za picha zinazochapishwa sura kwa sura katika majarida, kisha hukusanywa kuwa vitabu. Utanzu wa hadithi za picha si mgeni kwetu. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, wahusika wa jarida la Sani, na Kingo wa James Gayo wamewazoesha wasomaji wa Tanzania kusoma maneno na mchoro kwa pamoja. Kilicho kigeni ni urefu wa masimulizi, na kwa tawi linaloshughulikiwa hapa, mada yenyewe.

Tawi hilo huitwa yuri. Habari zake na tahakiki zake zimeandikwa kwa wingi kwa Kijapani na kwa Kiingereza. Anayetaka kuandika tahakiki ya namna hiyo kwa Kiswahili hukwama mapema, mara nyingi katika sentensi ya kwanza, pale anapotakiwa kusema wahusika wawili wakuu ni nani kwa nani. Akisema ni marafiki, amesema pungufu. Akisema ni wasagaji, amekwisha kutoa hukumu. Akisema ni dada, msomaji atauliza wamezaliwa na mama mmoja au vipi. Tatizo hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kimaadili, na ndilo linalofafanuliwa hapa.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zimechaguliwa kuwa mahali pa kupimia hoja kwa sababu tatu. Kwanza, Kiswahili cha huko kinaishi bega kwa bega na Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua. Wilaya hizi mbili, zilizokuwa wilaya moja hadi Ruangwa ilipojitenga mwaka 1995, zilipokea watu wa asili nyingi wakati wa mradi wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, na baadaye wakati wa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO iliyokuwa Nachingwea. Pili, jamii za huko kwa kawaida huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Tatu, unyago ungali taasisi inayojulikana na kila kaya. Makala haya si ripoti ya utafiti wa uwandani. Ni ufafanuzi wa msamiati kwa kuzingatia msomaji ambaye maneno kama mwali, somo na kungwi kwake si ya kamusini tu.

2.0 Utanzu wa yuri kwa ufupi

Katika Kijapani, yuri ni jina la ua linalokaribiana na lile ambalo kamusi zetu huliita yungiyungi, ingawa yungiyungi la Kiswahili huota majini na lile la Kijapani huota nchi kavu. Matumizi ya neno hili kwa wanawake wanaopendana yanahusishwa na mwaka 1976. Itō Bungaku, mhariri wa jarida la wanaume lililoitwa Barazoku, yaani kabila la waridi, aliwaita wasomaji wa kike yurizoku, kabila la yungiyungi. Jina hilo la ua likawa baadaye jina la utanzu.

Mizizi ya utanzu ni mirefu kuliko jina lake. Kuanzia mwaka 1916, mwandishi Yoshiya Nobuko (hapa majina ya Kijapani yanaanza na jina la ukoo) alichapisha mfululizo wa hadithi za wasichana ulioitwa Hana monogatari. Hadithi hizo zilieleza mapenzi makali baina ya wanafunzi wa shule za wasichana, mara nyingi mkubwa na mdogo. Uhusiano wa aina hiyo uliitwa S, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya dada. Ulivumiliwa kwa sababu ulidhaniwa kuwa ni wa muda: msichana angemaliza shule, angeolewa, na jambo lingeishia hapo. Yoshiya mwenyewe hakuolewa. Aliishi na mwenzi wake, Monma Chiyo, kwa miongo kadhaa, na mwaka 1957 akamwasili kisheria kuwa binti yake, kwa kuwa sheria haikuwapa neno jingine la kuwa watu wa nyumba moja. Tukio hili linafaa kukumbukwa. Linaonesha kwamba istilahi za udugu zinaweza kuwa kificho na hifadhi kwa wakati mmoja.

Katika manga, kazi inayotajwa mara nyingi kuwa ya mwanzo ni Shiroi heya no futari ya Yamagishi Ryōko, ya mwaka 1971. Inahusu wasichana wawili katika shule ya bweni nchini Ufaransa, nayo inaishia kwa kifo cha mmoja wao. Mwisho wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida kwa miaka mingi. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya riwaya za Maria-sama ga Miteru za Konno Oyuki, zilizoanza kutoka mwaka 1998, kuufufua mtindo wa dada mkubwa na dada mdogo wa shuleni. Mwaka 2003 lilianzishwa jarida la kwanza mahususi, Yuri Shimai, ambalo sehemu ya pili ya jina lake ina maana ya akina dada. Lilipokoma, Comic Yuri Hime lilianza mwaka 2005. Tangu hapo utanzu umekuwa na wahusika watu wazima, wafanyakazi wa ofisini, na hata tawasifu. Kwa hiyo, hata katika lugha yake ya asili utanzu huu ulianzia katika neno dada na ukachukua miongo kadhaa kufika katika neno mpenzi. Safari hiyo ndiyo itakayotuongoza katika Kiswahili.

3.0 Rejesta tatu

3.1 Rejesta ya udugu

Kiswahili ni tajiri katika kutaja ukaribu wa wanawake kwa maneno ya jamaa na ya malezi. Dada hutumika kwa ndugu wa kuzaliwa, kwa msichana aliyemzidi mzungumzaji umri, na shuleni kwa cheo, kama katika dada mkuu. Upana huu unalingana kwa karibu na wa neno la Kijapani onee-sama, ambalo wasichana wa hadithi za S huitana. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuliacha neno hilo lilivyo au kulieleza. Mfasiri wa Kiswahili anaandika dada, na msomaji wa Ruangwa aliyesoma shule ya bweni anaelewa mara moja heshima, ulinzi na mvuto uliomo.

Somo ni neno zito zaidi. Lina maana ya mtu mwenye jina moja na mwingine, ya mwanamke anayemfunda mwali, na ya rafiki wa siri ambaye mwanamke humweleza asiyoweza kumweleza mumewe. Maana hizi tatu zinakutana katika wazo moja: mtu ambaye kwake mimi ninajifunza kuwa mimi. Ni vigumu kupata neno linalofaa zaidi kueleza uhusiano wa senpai na mdogo wake katika hadithi nyingi za yuri, ambako msichana mdogo humtazama mkubwa kwanza kama kielelezo.

Hata hivyo, hapa ndipo mhakiki anapotakiwa kuwa mwangalifu. Unyago ni taasisi ya kumwandaa msichana kwa maisha ya utu uzima, ya ndoa na ya heshima kwa wakubwa. Mafunzo yake yanalindwa na miiko, na ukaribu wa mwali na somo wake si mapenzi ya kimahaba. Kulitumia neno somo bila maelezo kwa wapenzi wawili kungewakosea makungwi na pia wahusika wa katuni. Neno linafaa pale ambapo hadithi yenyewe inazungumzia kufundwa na kufuata mfano, nalo liachwe hadithi inapovuka mpaka huo.

Shoga lina historia ya aina nyingine. Kwa wanawake wa pwani lilikuwa, na kwa wengi lingali, neno la upole la kumwita rafiki wa kike: shoga angu. Katika magazeti na mazungumzo ya mijini leo, neno hilohilo humtaja mwanamume anayefanya mapenzi na wanaume. Sentensi kama wasichana hawa wawili ni mashoga imekuwa na sura mbili, na mhakiki hawezi kujua msomaji ataiona ipi. Vijana wengi wamekwisha kulikimbilia shosti, neno ambalo bado halijachafuka.

3.2 Rejesta ya hisia

Kitenzi penda ndicho kiini cha rejesta hii, na upana wake ni fursa kwa mfasiri wa yuri. Tunapenda ugali, tunapenda mama, tunapenda mchumba, kwa kitenzi kilekile. Kijapani kina suki, neno lenye upana unaofanana: huenea kutoka kwenye chakula hadi kwenye penzi. Hadithi nyingi za yuri zinasimama juu ya utata huo. Msichana mmoja anapomwambia mwenziwe suki, aliyeambiwa hana hakika ameambiwa nini. Kiingereza humlazimisha mfasiri kuchagua kati ya neno la kupendelea na neno la mapenzi, na hivyo kulifichua jibu kabla ya wakati wake. Kiswahili hakimlazimishi. Nakupenda hubaki kuwa swali mpaka hadithi yenyewe ilijibu.

Lugha ina pia ngazi za kupandia: upendo, mapenzi, huba, mahaba. Upendo unaweza kuwa wa mzazi au wa Mungu, mahaba hayawezi. Mhakiki anayetumia upendo katika aya ya kwanza na mahaba katika aya ya nne amemwonesha msomaji mwendo wa hadithi bila kutoa hotuba. Maneno mpenzi, mwenzi, mwandani na mchumba hayana jinsi. Hayo ndiyo yaliyo salama kiisimu, kwa kuwa yanataja uhusiano bila kuusifu wala kuulaani.

3.3 Rejesta ya hukumu

Sagana ni kauli ya kutendana ya saga. Kutokana nalo tunapata msagaji na usagaji. Kimofolojia ni neno la kawaida kama pendana au saidiana, lakini kisemantiki linatofautiana na pendana kwa jambo moja la msingi: linataja tendo la mwili na kuiacha hisia nje. Kwa hiyo haliwezi kuwa tafsiri ya yuri, kwani sehemu kubwa ya utanzu huo inahusu hisia ambayo haijatamkwa, achilia mbali kutendwa. Zaidi ya hayo, neno limebeba uzito wa kisheria. Zanzibar iliutaja usagaji kuwa kosa katika marekebisho ya sheria ya adhabu ya mwaka 2004. Mhakiki akilitumia kuelezea wasichana wawili wanaoshikana mikono kituoni, ameleta mahakama ndani ya tahakiki.

Magazeti hutumia pia mapenzi ya jinsia moja. Maneno haya hayatukani, lakini ni ya ripoti: yanataja kundi la watu, si watu wawili. Yanafaa katika sentensi ya kuutambulisha utanzu, si katika sentensi inayomhusu mhusika.

Haifuati kwamba rejesta ya hukumu ifutwe. Hadithi nyingi za yuri zina mama anayelaani, rafiki anayecheka, au mhusika anayejilaumu mwenyewe. Hapo neno kali ndilo sahihi, mradi liwe mdomoni mwa mhusika na si mdomoni mwa mhakiki.

4.0 Sarufi inaposimulia

Kando ya msamiati, sarufi ya Kiswahili ina mambo mawili yanayogusa utanzu huu moja kwa moja.

La kwanza ni kiambishi cha nafsi ya tatu. A- na -m- havibagui jinsi. Katika Sailor Moon ya Takeuchi Naoko, iliyoanza mwaka 1991, yumo Haruka, ambaye wasichana wengine humdhania kuwa mvulana wanapomwona mara ya kwanza. Lugha zenye viwakilishi vya jinsi humtaka mwandishi achague kudanganya au kufichua. Kwa Kiswahili tunasema aliingia, wakamtazama, wakampenda, na mshangao unabaki mahali pake.

Haruka na mwenzi wake Michiru wanatufundisha jambo jingine. Filamu za vibonzo za hadithi hiyo zilipotafsiriwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani, wapenzi hao waligeuzwa kuwa binamu. Watazamaji walibaki na binamu wawili waliotazamana kwa namna ya ajabu. Kificho hicho kingekuwa dhaifu zaidi kusini mwa Tanzania, ambako katika jamii nyingi ndoa ya mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ilikuwa ndoa ya kukubalika. Kwa mzee wa Nachingwea, kusema hawa ni binamu si kusema hawawezi kuwa wachumba. Mfasiri anayedhani istilahi za ukoo ni pazia lilelile katika kila lugha hajauliza ukoo huo unahesabiwaje.

La pili ni jozi ya oa na olewa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda na ya kutendwa zimegawanywa kwa jinsi. Mgawanyo huu ni imara kiasi kwamba hata katika jamii za upande wa mama, ambako kwa desturi mume alihamia kwa wakwe, bado husemwa kwamba yeye ndiye aliyeoa. Mwanamume akiambiwa ameolewa, ametaniwa au ametukanwa. Je, wanawake wawili wa katuni wakifunga ahadi ya kuishi pamoja, nani ameoa? Kiswahili kina mifano miwili ya kujibia. Mmoja ni desturi ya nyumba ntobhu ya Wakurya wa Mara, ambapo husemwa mwanamke ameoa mwanamke. Lengo la desturi hiyo ni kupata warithi na kuendeleza nyumba ya mwoaji, si mahaba, lakini inathibitisha kwamba kitenzi oa kinaweza kubeba kiima cha kike bila sarufi kuvunjika. Mfano mwingine ni kauli ya kutendana, wameoana, ambayo haimweki mmoja juu ya mwenziwe. Kwa hadithi za yuri, ambazo mara nyingi zinahoji nani anaongoza na nani anafuata, uchaguzi kati ya amemwoa na wameoana ni uchaguzi wa tafsiri ya kazi nzima.

5.0 Rejesta tatu katika tahakiki

Hoja iliyoelezwa inaweza kupimwa kwa kazi tatu zinazotofautiana.

Aoi hana ya Shimura Takako ilichapishwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2013, nayo imewekwa katika mji wa Kamakura. Fumi na Akira walikuwa shosti utotoni, wakatengana, wakakutana tena wakiwa wanafunzi wa shule mbili tofauti za wasichana. Fumi amejeruhiwa moyo: binamu yake Chizu, aliyekuwa mpenzi wake, anaolewa. Hapa kitenzi olewa kinatenda kazi kubwa. Kwa familia ni habari njema. Kwa Fumi ni msiba asioweza kuombolezwa hadharani. Mhakiki wa Kiswahili hahitaji kuongeza kitu: sentensi Chizu ameolewa inabeba maana zote mbili. Ubora wa kazi hii ni utulivu wake. Mambo makubwa husemwa barabarani au ndani ya treni, na mwandishi huacha vibweta vitupu mahali ambapo mwingine angeweka machozi. Udhaifu wake ni wingi wa wahusika wa pembeni, ambao humfanya msomaji arudi nyuma kutafuta nani ni nani.

Yagate kimi ni naru ya Nakatani Nio, iliyochapishwa kuanzia mwaka 2015 hadi 2019, inamhusu Yuu, msichana anayejua maneno yote ya mapenzi kutoka katika nyimbo na katuni lakini hayahisi. Touko, aliyemtangulia mwaka mmoja shuleni, anampenda kwa sababu hiyohiyo: asiyempenda mtu hatamdai awe mtu fulani. Kiini cha hadithi ni neno suki na woga wa kufungwa nalo. Kwa Kiswahili tahakiki nzima inaweza kujengwa juu ya penda: anapenda kupendwa, ila haogopi kitu kama kuambiwa nakupenda. Kwa sehemu kubwa ya hadithi Yuu humwita mwenziwe kwa jina la ukoo na cheo cha ukubwa wa shuleni, kisha hufika siku ya kumwita Touko tu. Mfasiri atakayeanza na dada Nanami na kumalizia na Touko atakuwa amehama kutoka rejesta ya udugu hadi rejesta ya hisia kwa kuondoa neno moja. Huenda hii ndiyo kazi bora kwa darasa la tafsiri, kwa kuwa mgogoro wake mzima ni wa kimaana.

Kazi ya tatu ni tawasifu ya Nagata Kabi, iliyotoka kama kitabu mwaka 2016 baada ya kuwekwa mtandaoni, na tafsiri yake ya Kiingereza ikapata tuzo ya Harvey ya mwaka 2018 katika kundi la manga. Mwandishi anasimulia sonona, matatizo ya kula, shauku ya kukubaliwa na mama yake, na uamuzi wake, akiwa na umri wa miaka 28, wa kwenda kwa mwanamke anayelipwa ili aguswe na kukumbatiwa. Hapa hakuna dada wala somo. Neno la wazi limo katika jina la kitabu chenyewe, na mhakiki akilikwepa atakuwa mwoga kuliko mwandishi. Hata hivyo mada ya kitabu ni upweke, na msamiati unaotakiwa ni ule ambao Kiswahili kinao kwa wingi: ukiwa, unyonge, kujionea haya, kukosa pa kuegemea. Mhakiki akianza na usagaji, msomaji hatafika kwenye ukiwa. Akianza na ukiwa, msomaji atamwelewa mtu kabla ya kuamua lolote juu ya tendo.

6.0 Neno rafiki: mfano wa nyumbani

Tatizo hili halikuletwa na katuni za mbali. Mwaka 2007 mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, alishinda tuzo ya Caine kwa hadithi fupi Jambula Tree, inayohusu wasichana wawili waliopendana. Mwaka 2018 mtengenezaji filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliitumia hadithi hiyo kuwa msingi wa filamu aliyoiita Rafiki, inayowahusu Kena na Ziki jijini Nairobi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuoneshwa katika tamasha la Cannes. Bodi ya filamu ya nchi hiyo iliipiga marufuku, kisha mnamo Septemba 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7.

Kwa mwanaisimu, jina la filamu ni data muhimu. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, lilichaguliwa lile lisilosema kitu, kwa kuwa ndilo ambalo watu wa namna hiyo hulitumia wanapomtambulisha mwenzi mbele ya wengine. Neno la kawaida likawa fumbo. Msomaji wa Nachingwea na Ruangwa ana mazoezi ya kutosha ya kusoma mafumbo: nyimbo za unyago husema jambo kwa kulizunguka, na kanga huvaliwa ili jirani asome. Msomaji huyo hahitaji kuambiwa kwamba kimya katika kibweta cha katuni kina maana. Anachohitaji ni mhakiki atakayemwambia fumbo limewekwa wapi, bila kulifumbua kabla yake na bila kulipaka rangi ya lawama.

7.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuhakikia yuri. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyagawa. Rejesta ya udugu inafaa kwa mwanzo wa hadithi na kwa mahusiano ya mkubwa na mdogo, ikizingatiwa kwamba somo na mwali yana heshima yake. Rejesta ya hisia ndiyo sauti ya mhakiki mwenyewe, kwa kuwa penda, mpenzi na mwenzi hutaja bila kuhukumu. Rejesta ya hukumu ni ya wahusika na ya sheria, nayo inukuliwe kama nukuu. Kuhusu jina la utanzu, yuri lina umbo linaloafiki fonolojia ya Kiswahili na linaweza kuingizwa katika ngeli ya I-ZI bila marekebisho: yuri hii, yuri hizi. Yungiyungi libaki kuwa ufafanuzi wa asili ya neno.

Mhakiki halazimiki kuzitetea hadithi hizi wala kuzishutumu. Analazimika kuzisema zilivyo, ili msomaji anayekataa ajue anakataa nini, na anayekubali ajue anakubali nini. Kwa wanafunzi wa uzamili, kazi iliyo karibu zaidi ni kukusanya matumizi halisi ya dada, somo, shoga na shosti katika Kiswahili cha kusini, kwa kuwa kamusi zetu zimeegemea zaidi Kiswahili cha Unguja na Mombasa. Kazi hiyo itamfaa mhakiki wa katuni, na pia kila anayeandika juu ya maisha ya wanawake kwa lugha hii.